Injini ya lori inagonga na hujui wapi: jinsi ya kuusaka mlio ukiwa nyumbani

Chuma hupitisha sauti vizuri mno. Ndiyo maana beringi ya oltaneta ikichoka, mlio wake unaweza kusikika kana kwamba unatoka chini kabisa kwenye krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na kibao cha kukinga joto kilicholegea nati moja kikamfanya mwenye lori aanze kupiga hesabu za ovaholi. Sikio peke yake halitoshi kukuambia mlio uko wapi. Kinachosaidia ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuangalia mlio unafanya nini: unapanda, unashuka, unageuka au unanyamaza. Kile kinachounyamazisha ndicho kitakachokuonyesha pa kufungua.

Nimeandika nikiwa na lori la dizeli kichwani, maana ndilo lenye milio mingi ya kumchanganya mtu. Hata hivyo karibu kila hatua inafaa kwa pikapu na kwa injini ya petroli, na penye tofauti nitasema. Hatua zinaanzia kwenye zile zisizogharimu kitu hadi zile za kuchafua mikono, kwa hiyo usiruke. Wengi wanaotamka "hiyo imekula metali", yaani beringi bapa zinazoizunguka krenki, baada ya kusikiliza kwa sekunde tano hawajagusa hata mkanda wa feni.

Jambo moja kabla ya yote. Kama injini inagonga na taa ya oili imewaka, au geji ya oili imelala chini, zima sasa hivi na usiwashe tena "kidogo tu nisikilize". Hapo uchunguzi unafanywa injini ikiwa imezimwa, na utaanzia kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Hatua ya 1: Anza na oili, injini ikiwa imezimwa

Lori likiwa mahali tambarare na limepoa, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, umeshapata mshukiwa wa kwanza: tapeti za haidroliki (visukuma valvu vinavyojazwa oili) zikikosa oili hulia tak-tak-tak, na tenshena, yaani kikaza, ya cheni ya taimingi hulegea. Ongeza oili ya aina inayotakiwa, kisha usikilize upya kabla ya kuendelea na lolote.

Ikiwa juu ya alama ya juu na hukuongeza, hali ni mbaya zaidi. Sugua tone kati ya vidole na ulinuse. Harufu ya dizeli na wepesi usio wa kawaida maana yake mafuta yanavuja kuingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), mara nyingi kupitia nozo mbovu (kinachopuliza mafuta kwenye silinda) au sili ya pampu. Oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kubeba mzigo wa metali, kwa hiyo hata kama mlio ni mdogo leo, usiendeshe. Rangi ya maziwa ni dalili ya maji. Na oili ikiwa nyingi kupita kiasi tu, krenki huipiga hadi inatoa povu, na povu likifika kwenye tapeti zinaanza kugonga ingawa ni nzima.

Jiulize pia ni lini ulibadilisha oili, na kama uliweka nyepesi kuliko ya awali. Mlio ulioanza siku chache baada ya huduma mara nyingi umesababishwa na huduma hiyohiyo.

Hatua ya 2: Shika kwa mikono

Bado usiwashe. Tikisa feni mbele na nyuma, tikisa puli ya pampu ya maji, tikisa oltaneta. Kipande chochote kinachocheza nje ya mstari wake kina beringi iliyokwisha. Pampu ya maji inayokaribia kufa kwa kawaida huacha michirizi ya kulantu (maji ya kupozea injini) iliyokauka chini ya tundu lake dogo la kutolea.

Kisha angalia puli ya krenki. Injini nyingi zina puli yenye vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa mpira katikati ili kupunguza mtetemo. Mpira huo ukiachana, duara la nje huyumba na kugonga kwa mshindo mzito unaofanana kabisa na metali za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Chora mstari mmoja wa rangi unaokatiza kutoka kitovu hadi duara la nje, tembeza lori siku moja, kisha utazame. Mstari ukiwa umekatika, vipande viwili haviko pamoja tena.

Malizia kwa maunting (vishikizo) za injini, boliti za manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) na vibao vya kukinga joto kwenye bomba la moshi. Gonga kibao kwa ngumi. Kikilia kama ule mlio unaousaka, shukuru, kaza nati, uende zako.

Hatua ya 3: Andaa mahali pa kuwashia

Fanya kazi nje, kamwe usiifanye ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Handibreki juu, gia iwe nyutro, magurudumu yazuiwe kwa vibao mbele na nyuma. Kama kabini inainuliwa, hakikisha kizuizi chake kimefunga kabla hujaingiza kichwa chini yake. Vua saa, pete na chochote kinachoning'inia shingoni, na funga nywele. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Na hakuna kulala chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Hatua ya 4: Sikiliza tangu injini ikiwa baridi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu inadai uvumilivu. Acha lori lilale usiku kucha. Asubuhi weka simu irekodi karibu na injini, kisha washa. Rekodi dakika ya kwanza, halafu rekodi tena injini ikiwa imefika joto la kazi, ikiwa kwenye sailensi, yaani imewaka bila mguu kwenye mafuta, na mara nyingine ukiwa umeipandisha taratibu hadi RPM 2000 hivi.

Mlio unaosikika sekunde chache tu baada ya kuwasha kisha ukaisha kwa kawaida ni wa tapeti za haidroliki zilizoshukwa na oili usiku, au filta ya oili isiyozuia oili kurudi chini. Si wa kukukosesha usingizi.

Mlio unaokuwepo injini ikiwa baridi na kufifia inapopata joto una washukiwa wawili wakubwa. Wa kwanza ni pistoni: pistoni ya alumini huwa na nafasi kubwa ndani ya silinda ikiwa baridi, ikapiga ukuta, kisha hutanuka na kutulia. Injini inaweza kuishi na hilo kwa muda mrefu. Wa pili ni gasketi ya manifoldi ya moshi. Inatoa tik-tik kali inayofanana sana na tapeti, kisha chuma kikipanuka mwanya unaziba na mlio unapotea. Tafuta masizi meusi kwenye maungio ya manifoldi na hedi, yaani kichwa cha injini. Masizi hayo ni ushahidi tosha. Tik-tik hiyo pia huongezeka injini ikibebeshwa mzigo, jambo ambalo tapeti haifanyi sana.

Mlio unaozidi kadiri injini inavyopata joto ndio wa kuogopa. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, presha inashuka, na nafasi iliyo kati ya metali na krenki inaanza kusema. Hapo ipandishe kwa upole hadi RPM 2000, kisha achia mafuta kidogo tu. Metali za konrodi zilizochoka hugonga waziwazi wakati huo hasa, mzigo unapogeuka upande. Jaribu mara moja au mbili, zima. Usiendelee kujiridhisha.

Kwenye petroli kuna mlio mwingine unaofanana na shanga zinazotikiswa ndani ya kopo, unaosikika unapopanda mlima ukiwa kwenye gia kubwa. Huo ni mchanganyiko unaojilipua mapema: petroli ya oktani ndogo, taimingi ya moto iliyosogea, au kaboni iliyojaa kichwani mwa pistoni. Hauna uhusiano na beringi, ingawa ukiachwa utavunja pistoni.

Hatua ya 5: Ondoa vya nje kwanza

Kabla hujaituhumu injini yenyewe, ondoa vinavyoning'inia juu yake.

Kama mkanda unapiga yowe, puliza maji kidogo upande wa ndani, wenye mistari, injini ikiwa kwenye sailensi na ukiwa mbali na feni. Yowe likiongezeka, mkanda unateleza: umelegea au tenshena imechoka. Likinyamaza kisha likarudi baada ya muda mfupi, puli haziko kwenye mstari mmoja, na kubadilisha mkanda peke yake hakutasaidia kwa muda mrefu.

Kama mlio ni wa kukwaruza, kunguruma au kugonga, zima, toa mkanda kabisa, halafu washa kwa sekunde 30, isizidi dakika moja. Katika injini nyingi pampu ya maji imesimama wakati huo na joto linapanda kwa kuwa maji hayazungushwi. Mlio ukiwa umeisha, uko kwenye pampu ya maji, oltaneta, feni, tenshena au kompresa ya eskondisheni, na unaweza kuzungusha kila puli kwa mkono hadi uipate inayokwaruza. Mlio ukibaki vilevile, umeshafuta nusu ya orodha bila kufungua injini.

Lori lenye breki za upepo lina mshukiwa ambaye mara nyingi husahaulika: kompresa ya upepo. Kwenye malori mengi inaendeshwa na gia za taimingi, si mkanda, kwa hiyo jaribio la kutoa mkanda haliigusi. Ina pistoni, konrodi na metali zake ndogo, na ikichoka hugonga kama injini yenyewe. Ijaribu hivi. Magurudumu yakiwa yamezuiwa, acha injini iwake na utazame geji ya upepo. Matangi yakijaa, kwa kawaida kwenye bar 8 hadi 10, utasikia pshii ya gavana (valvu inayodhibiti upepo) ikifungua na kompresa itaacha kusukuma. Sikiliza sekunde hiyohiyo. Kisha kanyaga breki mara kadhaa hadi upepo ushuke na kompresa ianze tena kujaza. Mgongo, yaani mlio wa kugonga, ukinyamaza matangi yanapojaa na kurudi kompresa inapoanza kazi, umempata. Rudia mara mbili tatu ujihakikishie, kwa sababu jibu hili likiwa sahihi umejiepusha na kuishusha injini bure.

Klachi nayo inajibu haraka. Injini ikiwa kwenye sailensi na gia nyutro, kanyaga pedali. Mlio ukianza ulipokanyaga, ni beringi ya rilizi, inayosukuma klachi iachie. Ukiisha ulipokanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia gia boksi. Na kama kuna kelele za kugongana injini inapozimwa tu, angalia flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki), hasa ile ya vipande viwili yenye springi ndani.

Turbo sitaikalia sana. Mluzi mwembamba unaopanda na mzigo mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka au klipu iliyolegea; mlio wa king'ora na oili kwenye mabomba ya hewa ni beringi zake. Usiweke mkono karibu na mdomo wake injini ikiwaka.

Hatua ya 6: Tega sikio kwenye chuma

Stetoskopu ya fundi ni ya bei ndogo, lakini bisibisi ndefu yenye mpini mgumu au fimbo ya mbao kavu inafanya kazi. Ncha iguse chuma, mpini ushike kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, mwili wako ukiwa mbali na feni na mkanda. Gusa sehemu moja, hamia nyingine, rudi. Unachotafuta ni tofauti kati ya mahali na mahali: silinda ya 2 na ya 3, upande wa juu na wa chini. Kwa mvujo wa hewa au moshi tumia mpira mtupu, mwisho mmoja sikioni, mwingine ukizungushwa kwenye maungio.

Mlio ukiwa na nguvu kwenye kifuniko cha tapeti, uko juu. Ukiwa na nguvu kwenye kifuniko cha mbele, fikiria gia au cheni ya taimingi. Ukiwa na nguvu kwenye ukingo wa bloku juu ya sampu, uko chini, na chini ndiko kwenye gharama.

Sasa rudi kwenye ile rekodi ya simu na uipunguze kasi. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka nusu ya kasi ya krenki. Injini ikiwa kwenye RPM 600, krenki inazunguka mara 10 kwa sekunde, kamshafti mara 5. Ukihesabu migongo 5 kwa sekunde, uelekee kwenye valvu au kwenye nozo ya silinda moja, kwa sababu kila silinda huchoma mara moja kwa mizunguko miwili. Ukihesabu 10, uelekee kwenye krenki, flaiwili au puli. Isiwe hukumu ya mwisho: konrodi huweza kugonga kwa nguvu zaidi kwenye mpigo wa kuchoma, ukadhani ni 5.

Kama ni valvu, toa kifuniko na upime nafasi za tapeti kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), ukifuata vipimo vya injini yako. Kwenye dizeli nyingi ni sehemu ndogo tu ya milimita moja, na valvu za kuingiza hewa na za moshi mara nyingi hutofautiana. Tapeti moja iliyolegea sana kuliko wenzake, itazame pia roka yake (mkono unaobonyeza valvu) na pushirodi yake (fimbo inayoisukuma roka) kabla ya kuikaza.

Hatua ya 7: Kata silinda moja moja

Kukata ni kuizuia silinda isichome mafuta kwa muda. Hii ndiyo hatua inayotenganisha ubashiri na ushahidi, na pia ndiyo yenye hatari.

Kwanza tambua mfumo wako. Ukiona bomba nene la pamoja linalogawa mafuta kwa kila nozo, huo ni mfumo wa komoni reli. Usilegeze nati yoyote ya mafuta humo injini ikiwaka. Presha yake inaweza kuzidi bar 1600. Mafuta ya presha hiyo hutoboa ngozi, kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, na ndani mkono unaharibika. Ikitokea ni kukimbizwa hospitali mara moja, bila kusubiri maumivu. Kwa komoni reli, na kwa injini ambazo nozo zake ziko chini ya kifuniko, silinda hukatwa kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Kwenye dizeli ya zamani yenye pampu ya kimakanika na bomba jembamba kwa kila silinda, vaa miwani na glavu, funika nati ya bomba upande wa nozo kwa kitambaa, kisha uilegeze nusu mzunguko. Silinda hiyo itaacha kuchoma na injini itashuka kidogo. Sikiliza, kaza, nenda ya pili. Kwenye petroli, chomoa soketi ya injekta badala ya waya wa plagi, ili petroli isiyochomwa isiingie kwenye katalisti (kisafisha moshi).

Mgongo ukipotea au kupungua sana ulipokata silinda ya 3, tatizo ni la silinda ya 3: nozo, pistoni au konrodi. Kuzitenganisha, badilishana nozo ya 3 na ya 5, ukiweka washa mpya (ringi ya kuzibia chini ya nozo). Mgongo ukihamia 5, ni nozo, na hiyo ni habari njema. Ukibaki 3, uko kwenye pistoni au metali. Mlio ukiongezeka au ukawa wa mapigo mawili ulipokata, shuku pini ya pistoni. Na kama ulikata zote na hakuna kilichobadilika, rudi kwenye valvu, gia za taimingi na vya nje.

Kumbuka pia kwamba hewa kwenye njia ya mafuta huifanya dizeli igonge na kuyumba. Kama mgongo ulianza baada ya kubadilisha filta ya mafuta, toa hewa kwanza.

Hatua ya 8: Kata filta ya oili

Ukishafika hapa na dalili zote zinaelekeza chini, toa filta ya oili na uikate wazi. Usitumie msumeno wa chuma, kwa sababu vumbi lake litachanganyika na ushahidi; tumia kikata bomba au mkasi wa bati. Kunjua karatasi, ikamue, iangalie juani.

Pitisha sumaku. Chembe zinazonasa ni chuma: gia, kamshafti, tapeti, ringi. Chembe zinazong'aa ambazo hazinasi ni alumini au metali. Zenye rangi ya shaba zinasema tabaka la juu la metali limekwisha na la chini linaliwa. Chembe chache ndogo mno kwenye injini iliyotembea sana ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida.

Ukiona shaba, usiwashe tena hata kulisogeza lori. Kwenye malori mengi sampu hutoka injini ikiwa mahali pake, na fundi anaweza kufungua kofia za konrodi na kuziona metali akiwa chini. Kama pini ya krenki, pale konrodi inaposhika, bado laini, metali mpya zinaweza kutosha. Ikiwa imekwaruzika, krenki inakwenda kuchongwa.

Kama italazimu livutwe hadi kwa fundi, kuna mambo mawili. Breki za upepo hujifunga matangi yakiisha, kwa hiyo upepo utoke kwenye gari linalovuta au springi zifunguliwe kwa mkono. Na propela shafti (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) itolewe kabla ya safari: gia boksi nyingi za malori hupata oili kutoka kwenye gia zinazozungushwa na injini, na likivutwa mbali injini ikiwa imezimwa, utamfikishia fundi gia boksi iliyoungua pamoja na injini inayogonga.